Nywele zinakua, hesabu yetu ndiyo mbovu

Miezi hii ya baridi hapa Lubumbashi, ukifungua status za WhatsApp asubuhi unakutana na chupa zile zile: mafuta ya rangi ya chai kavu, karafuu zimezama chini, na ahadi kwa herufi kubwa kwamba nywele zitaongezeka sentimita tano kwa mwezi. Wauzaji ni dada zetu. Wengi huchanganya dawa hizo nyumbani, Katuba au Kampemba, na wengine huleta chupa zenye lebo nzuri kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Mazungumzo yanayozizunguka yamegawanyika pande mbili. Wapo wanaoapa kwamba mafuta yanakuza nywele, na wapo wanaosema huo ni uongo kwa sababu nywele za Mwafrika hazikui, basi tuvae wigi tunyamaze. Naona pande zote mbili zinakosea jambo moja. Nywele zetu zinakua, tena kwa mwendo unaojulikana kwa milimita, na hakuna chupa ya sokoni inayozidisha mwendo huo. Urefu tunaoulilia hupotelea kwenye ncha. Haraka yetu tumeipeleka kwenye mzizi, mahali ambapo haisaidii kitu, huku tukikawia katika jambo moja ambalo kulikawiza kunaharibu kichwa kabisa.

Tuanze na jinsi unywele unavyotokea, maana bila hapo mabishano hayana mwisho. Kichwa cha mtu kina vijishimo vya nywele kama 100,000. Chini ya kila kijishimo, ndani ya ngozi, kuna seli zinazogawanyika kwa kasi. Seli hizo husukumwa juu, hujaa protini iitwayo keratini, hufa, na zikishakufa ndizo huitwa unywele. Kwa hiyo kile tunachokishika, tunachokichana na kukipaka mafuta hakina damu wala uhai, na hakiwezi kuamshwa kwa kupakwa kitu. Kijishimo kimoja hufanya kazi kwa miaka 2 hadi 6 mfululizo, kisha hufunga kwa wiki mbili tatu, hupumzika miezi kama mitatu, unywele wa zamani hudondoka na mpya huanza. Siku yoyote ile, asilimia 85 hadi 90 ya nywele za kichwani ziko kazini na zilizobaki ziko njiani kutoka. Ndiyo sababu mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku bila kuwa na ugonjwa wowote.

Sasa mwendo wenyewe. Vitabu vingi na kurasa nyingi za mtandaoni hurudia kwamba nywele hukua sentimita 1 hadi 1.25 kwa mwezi, yaani kama sentimita 12 hadi 15 kwa mwaka. Takwimu hiyo inawafaa zaidi Wazungu. Mwaka 2001 Geneviève Loussouarn, mtafiti wa kampuni ya vipodozi ya L'Oréal, alichapisha katika jarida la British Journal of Dermatology vipimo alivyochukua kwa vijana wenye asili ya Afrika ya Kati na ya Magharibi, akavilinganisha na vya Wazungu. Nywele za Waafrika zilikua wastani wa mikromita 256 kwa siku. Za Wazungu, 396. Ukiibadilisha hesabu hiyo kuwa ya rula, nywele zetu huongezeka robo ya milimita kwa siku, karibu milimita 8 kwa mwezi, sentimita 9 na kidogo kwa mwaka. Watu hatufanani, wako wa milimita 6 na nusu kwa mwezi na wako wa milimita 9, lakini wa sentimita tano hayupo. Anayeanza leo mwezi wa saba, Krismasi itamkuta na nyongeza ya sentimita nne na nusu hivi. Kile kinachoahidiwa kwa mwezi mmoja, mwili huchukua nusu mwaka kukitengeneza.

Endelea na hesabu hiyo na utaona kwa nini wanawake wengi wanaamini vichwa vyao vimegoma. Aliyenyoa kipara Januari atakuwa na sentimita 9 mwisho wa mwaka, kama hakuna hata unywele mmoja uliokatika. Ili nywele za utosini zifike begani zikiwa zimenyooshwa, zinahitaji sentimita 30 au zaidi, kwa hiyo ni zaidi ya miaka mitatu. Tena nimesema zikiwa zimenyooshwa. Nywele za kujikunja zikilowa na kukauka zenyewe hurudi ndani hadi nusu ya urefu wake, na kwa vichwa vyenye mikunjo midogo iliyobana kabisa hubaki robo. Sentimita 9 za mwaka mzima jicho huziona kama nne au chini ya hapo. Mwanamke anajitazama kwenye kioo, anaona nne, anakumbuka kwamba mtandao ulimwambia kumi na tano, na anahitimisha kwamba mwili wake una kasoro. Hauna. Amepewa kipimo cha mtu mwingine na anajisoma kwa jicho lisiloona mikunjo.

Kuna udanganyifu mwingine wa jicho ambao hausemwi mara nyingi. Nywele fupi huonekana kukua haraka kuliko ndefu. Kijana anayechongwa mstari wa paji la uso kwa kinyozi pale Kamalondo hurudi baada ya wiki mbili kwa sababu milimita nne zimekwisha kuuharibu mstari ule. Dada yake mwenye nywele za sentimita 20 ameongeza milimita nne zile zile, na hakuna aliyeziona. Kuongeza sentimita kwenye sentimita moja ni kuzidisha mara mbili, lakini kuongeza sentimita kwenye ishirini hakumshtui mtu. Hapo ndipo inapozaliwa ile kauli ya kila saluni: zilianza vizuri, kisha zikasimama. Hazikusimama. Mwendo ni ule ule, na kilichobadilika ni kwamba ncha sasa zimezeeka na zimeanza kukatika kwa kiasi kinachokaribia kile kinachoingia. Ni mfuko wa unga unaojazwa juu huku chini umetoboka: ukitaka ujae, huongezi mkono wa kumwaga, unashona tundu.

Ushahidi wa jambo hili tunao kichwani kila tunaposuka. Tazama rasta zilizokaa wiki sita. Kati ya ngozi na pale meshi, zile nywele za bandia, inapoanza kuna nafasi iliyojaa nywele mpya, yapata sentimita moja. Sehemu yake ndogo imetokana na suko kulegea na kuteleza, lakini iliyobaki ni nywele zilizozaliwa tangu siku ile msusi alipofunga fundo la mwisho. Kila mwanamke wa mji huu ameiona nafasi hiyo na ameilalamikia, kwa sababu inamlazimu alipie kusukwa upya. Mtu hawezi kulalamika kwamba rasta zimechakaa kwa kuota mizizi na papo hapo akasema nywele zake hazikui. Kwa hiyo wale wa upande wa pili, wanaosema Mwafrika hana nywele za kukua, wanapingwa na kila kichwa kinachorudi saluni kufumuliwa. Wana haki katika mambo mawili tu: mwendo wetu ni mdogo kuliko wa Wazungu, na kila mtu ana kikomo chake. Kijishimo kinachofanya kazi miaka miwili kwa sentimita 9 kwa mwaka kitatoa sentimita 18 kisha kitaacha, na cha miaka sita kitapita 50. Hicho ni kikomo cha kurithi. Lakini wengi wetu hatujawahi kukifikia, tunakatikia njiani.

Kufumua nako kuna hofu yake. Niliwahi kukaa saluni moja ya hapa mjini, katika mtaa uitwao Kenya, karibu na msichana aliyekuwa anafumuliwa rasta za mwezi na nusu. Msusi alikuwa anavuta nywele zilizolegea na kuziviringisha kidoleni, bonge likawa kubwa kama ngumi ya mtoto, na msichana akashika kichwa: "Mama, kichwa changu kinaisha!" Yule mama hakumbembeleza. Alichomoa unywele mmoja kwenye bonge, akauweka juu ya kitambaa cheusi cha magotini, akamwonyesha kidonge kidogo cheupe kwenye mwisho mmoja. "Huu umetoka na mzizi, mwanangu. Ulikuwa wa kutoka. Rasta zilikuwa zimeushika tu." Alisema kweli kuliko matangazo yote ninayoyaona. Kwa nywele 50 hadi 100 kwa siku, siku 42 zinatoa nywele kati ya 2,100 na 4,200, na kwa kuwa zilikuwa zimefungwa ndani ya suko hazikupata pa kuangukia. Zinatoka zote siku ya kufumua. Za kuogopa ni zile vipande vifupi visivyo na kidonge cheupe, vinavyoangukia mabegani kila unapochana. Hizo hazikudondoka, zimekatika, na ndizo zinazokula urefu.

Hapa ndipo wauzaji wa mafuta wana hoja yenye nguvu, na ni lazima waipewe. Mwaka 2000 Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, na wenzake walichunguza nywele za Waafrika kwa hadubini wakazilinganisha na za Wazungu na Waasia. Nywele za Waafrika zilizotoka kwa kuchanwa nyingi hazikuwa na mzizi. Zilikuwa na ncha zilizochanika, pamoja na mafundo yaliyojifunga yenyewe. Unywele unaojikunja kila milimita chache una sehemu nyingi za kuvunjikia, na mafuta ya ngozi hayashuki kwa urahisi hadi kwenye ncha zake. Ongeza hewa kavu ya Juni na Julai, vumbi jekundu, na fulari ya pamba kichwani inayonyonya unyevu usiku kucha. Katika hali hiyo, mtu anayelowesha nywele, anazipaka mafuta ya mbarika au ya nazi na kuzifunga, hukatikiwa na chache zaidi, na baada ya mwaka ana urefu ambao hakuwa nao. Wanawake wa Basara wa Chad wamejulikana kwa nywele ndefu wanazozipaka unga wa chebe uliochanganywa na mafuta, na hata wao huupaka kwenye urefu wa nywele, hawaupaki mizizini. Kwa hiyo mama anayeapa kwamba chupa ile imempa nywele huenda hasemi uongo. Anachokosea ni maelezo: chupa haikukuza, ilihifadhi. Na ukishajua hivyo, hulazimiki kununua chupa ya bei ya mfuko wa unga, kwa sababu mafuta ya kawaida ya jikoni yanafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Ushuhuda mwingi wa kweli una chanzo kingine, na naona huu ndio haueleweki kabisa. Wakati wa mimba nywele nyingi hukawia kudondoka. Mama akishajifungua, zile zilizokawia huingia mapumziko pamoja, na miezi miwili hadi minne baadaye zinatoka kwa mkupuo. Mambo hayo hayo hutokea baada ya homa kali, malaria nzito, tifoidi au upasuaji: kichwa kinamwagika miezi miwili mitatu baada ya mtu kupona, wakati amekwisha kusahau kwamba aliumwa. Kisha, bila kufanyiwa chochote, vijishimo hurudi kazini na ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili nywele hujaa tena. Sasa fikiria mama aliyejifungua Januari. Aprili anaona mapanja yamebaki wazi, Mei analia, Juni ananunua chupa, Septemba vinywele vifupi vinasimama kwenye paji la uso. Anapiga picha, anaiweka kwenye status, na kila neno lake ni la dhati. Chupa ilifika wakati mwili ulikuwa tayari unajirudisha. Ushuhuda wa aina hii, hata ukiwa mia moja, haupimi mafuta. Unapima uvumilivu wa miezi ile.

Picha za kabla na baada zinahitaji uangalifu huo huo. Ya kwanza imepigwa nywele zikiwa kavu zimejikunja, ya pili zimepitishwa moto au zimevutwa kwa mkono. Urefu umeongezeka mara mbili kwa dakika kumi, na hakuna aliyesema uongo kwa mdomo wake. Anayetaka kujua ukweli avute unywele ule ule wa sehemu ile ile, aupime kwa rula, kisha arudie baada ya miezi sita, akiwa ameandika tarehe. Mwezi mmoja haupimiki. Milimita nane humezwa na mkono unaovuta kidogo zaidi.

Kuhusu vidonge na dawa sitakaa sana. Biotini, aina ya vitamini, inasaidia mtu aliyepungukiwa nayo, na upungufu huo ni nadra. Kwa mwenye afya hakuna ushahidi wa maana kwamba inaharakisha chochote. Tena mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba biotini nyingi mwilini huweza kupotosha vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo. Minoksidili ni dawa ya kweli, iliidhinishwa Marekani mwaka 1988 kwa wanaume, lakini kazi yake ni kurudisha vijishimo vilivyoanza kuchoka, inahitaji kama miezi minne kabla ya kuonyesha kitu, na mwanzoni huweza hata kuongeza kudondoka. Utafiti wa mwaka 2015 uliolinganisha mafuta ya rozmari na minoksidili ya asilimia 2 haukuona mabadiliko ya idadi ya nywele miezi mitatu ya kwanza. Yalionekana mwezi wa sita. Tena ulihesabu idadi, si urefu, na kwa watu wenye upara wa kurithi. Hata tiba zenye ushahidi, basi, zinazungumza lugha ya miezi sita. Anayeahidi wiki mbili anaahidi kitu ambacho hata dawa ya hospitali haijawahi kukitoa.

Chakula nacho kinataka maneno machache. Unywele ni protini, na mwili wenye njaa huanza kubana matumizi huko. Kila muuguzi wa mji huu amemwona mtoto wa kwashakoo ambaye nywele zake zimekuwa nyekundu, laini, chache, zinazong'oka bila maumivu. Mwanamke mwenye upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma naye huona nywele zikipungua. Kwa hao, maharage, samaki wa ndakala na mboga ya sombe kando ya bukari, na dawa ya chuma aliyoandikiwa baada ya kupimwa, vina faida kuliko mafuta yoyote. Lakini anayekula vizuri tayari hawezi kula mayai sita kwa siku akategemea milimita 8 ziwe 16. Chakula kinarudisha mwendo uliopungua. Hakiongezi juu ya ule wa kuzaliwa nao.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoisikia mara nyingi, ni kwamba hata kama mafuta hayakuzi nywele, hayadhuru mtu, waacheni dada wapate pesa na wateja wapate matumaini. Sina ugomvi na dada anayetafuta riziki katika mji ambao ajira ni ngumu. Auze mafuta, ayaite mafuta. Tatizo ni muda. Mtoto mwenye mapunye hupakwa chupa hizo wiki baada ya wiki, wakati ugonjwa huo ni fangasi walioingia hadi ndani ya unywele na huhitaji dawa ya kumeza. Mwanamke mwenye kovu linalotanuka utosini, lenye kuwasha au kuuma, huambiwa asubiri chupa ya tatu. Mwenye damu kidogo hununua mafuta badala ya kupimwa. Na kwa baadhi ya watu mchanganyiko mkali wa pilipili, karafuu na kitunguu huunguza ngozi, kisha huambiwa moto ule ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Matumaini yanayomchelewesha mtu kufika kwa daktari yana gharama, na anayeilipa hakuwa ameambiwa bei.

Hapa ndipo haraka ingepaswa kwenda. Mwaka 2007 Khumalo na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vichwa vya watu wazima wa Cape Town: karibu mwanamke mmoja kati ya watatu alikuwa na upara unaotokana na kuvutwa kwa nywele, na kwa wanaume ulikuwa nadra. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale nywele zilizokwisha kutiwa defriza, ile dawa ya kunyoosha nywele, zilipovutwa tena kwa suko au meshi nzito. Na wale wale watafiti walipotazama wasichana wa shule, walikuta tatizo limekwisha kuanza, tena likiongezeka kadiri wasichana wanavyopanda madarasa. Upara huu unaanzia kwenye mapanja na paji la uso, polepole, ukiwa na dalili tunazozichukulia kuwa kawaida: maumivu usiku wa kwanza, vipele vidogo kwenye mizizi, ngozi inayong'aa. Ukisimamishwa mapema, nywele hurudi kwa mwendo wake wa milimita 8. Ukiachwa miaka, vijishimo hugeuka kovu na hakuna mafuta, kidonge wala sindano itakayovifufua.

Kwa hiyo mama anayempeleka binti kusukwa kabla shule hazijafunguliwa Septemba ana jambo la kuuliza ambalo ni zito kuliko jina la mafuta. Amuulize mtoto, akiwa bado kwenye kiti, kama panauma. Akisema panauma, msusi afumue mistari ya mbele na kuirudia kwa mkono mwepesi, kwa meshi kidogo, hata kama inamaanisha dakika 30 zaidi na rasta zitakazolegea wiki moja mapema. Paracetamol ya usiku ule haitibu kitu. Inamfanya tu mtoto alale wakati mizizi inaendelea kuvutwa.